Fundi wa flipa anajibu: fyuzi, mikono mizito na mota isiyosimama

Wengi wameuliza kuhusu flipa za zamani, yaani mashine za mchezo ambapo mchezaji hupiga gololi kwa mikono midogo miwili isidondoke, kwa hiyo leo nafasi yote ni yao. Nazungumzia zile zilizotengenezwa Chicago na Gottlieb, Williams na Bally hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kadi za elektroniki. Ndani hamna kompyuta. Kuna koili (waya uliozungushwa, unaovuta chuma ukipewa umeme), rele (swichi zinazosukumwa na koili), mota moja na swichi nyingi za bamba zinazogusana na kuachana. Nazipenda kwa sababu ubovu wake unaonekana kwa macho. Ombi langu ni moja: msikunje bamba wala kubadilisha koili kabla ya kujua umeme umekatikia wapi. Flipa nyingi ninazoletewa zimeumizwa na mkono wa mwisho uliozigusa kuliko umri.

Papa fundi, jambo sana. Nimepata flipa iliyotoka Marekani, kibao cha nyuma kinasema volti 115, hezi 60. Naweza kuichomeka hapa Likasi? (Msomaji, Likasi)

Hapana, ndugu. Ukiichomeka hivyo kwenye 220, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Ukikosa bahati utaunguza transfoma. Kwanza fungua mlango wa mbele uitazame transfoma yenyewe. Baadhi ya flipa zilizouzwa Ulaya zina ncha ya 220 au 240, na kuhamisha waya mmoja kunatosha. Kama haina, nunua transfoma ya kushusha 220 hadi 110, ya wati 500 au zaidi. Hezi 50 zetu zitaifanya mota izunguke polepole kwa sehemu moja ya sita, mchezo hautaharibika. Na kumbuka kuwa umeme wa ukutani unafika mzima kwenye swichi ya kuwashia, fyuzi ya kwanza na transfoma. Hapo usiguse kitu kabla ya kuchomoa plagi.

Fundi, mikono ya flipa yangu inapiga kwa uvivu, hasa jioni. Gololi haifiki hata katikati. Ninunue koili mpya? (Mama wa Bel-Air)

Usinunue bado, mama. Neno lako "jioni" limenisaidia sana. Pima umeme wa ukutani saa nne asubuhi, upime tena saa mbili usiku wakati mtaa mzima unapika. Ukikuta 220 imeshuka hadi 180, basi zile volti 25 za koili zimeshuka hadi 20 hivi, na nguvu ya kuvuta hupungua kuliko volti zenyewe: unapoteza karibu theluthi nzima. Hapo dawa ni stabilaiza nzuri. Transfoma nyingine zina ncha ya pili kwa ajili ya umeme dhaifu, ila kwa umeme unaopanda na kushuka kama wetu sipendi itumike, maana usiku wa manane volti zikirudi juu koili zitapigwa kupita kiasi.

Kama hata asubuhi mikono ni mizito, geukia swichi ya mwisho wa mwendo. Koili ya mkono ina nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja: moja nene, ya ohm chache tu, ndiyo inayopiga, nyingine nyembamba, ya ohm nyingi, ndiyo inayoushikilia mkono juu bila kuunguza kitu. Mkono ukiwa chini, swichi ile imefunga na umeme wote unapita kwenye uzi mnene. Mkono ukifika juu, kipande cha chuma kinaisukuma swichi ifunguke, na uzi mwembamba unaingia kazini.

Sasa nyanyua ubao, chomoa plagi, usukume mkono kwa kidole huku ukiangalia. Vichwa vya swichi vikiwa vyeusi, umeme unapita kwa shida na mkono unakosa nguvu. Vya hapa ni vigumu, vya tungsteni, kwa hiyo pitisha tupa ndogo bapa mpaka ving'ae. Fanya hivyo hivyo kwenye swichi za vitufe vya pembeni, maana nazo zinabeba mzigo wote. Kisha angalia mwisho wa mwendo: swichi ifunguke kama milimita 3. Isipofunguka kabisa, uzi mnene unabaki na umeme kila mara mchezaji anaposhikilia kitufe. Koili inachemka, mrija wake wa plastiki unalainika, chuma cha ndani kinakwama. Hapo ndipo watu husema koili imekufa, kumbe imeuawa na bamba lililopinda.

Papa fundi, fyuzi inakatika kila mara. Kijana mmoja wa jirani ametuwekea waya wa shaba na sasa kuna harufu. (Msomaji, Katuba)

Chomoa plagi sasa hivi na utoe huo waya. Nasema kwa uzito wote: nyumba inaweza kuungua.

Kisha uniambie, fyuzi inakatika papo hapo unapowasha au baada ya nusu dakika? Papo hapo maana yake ni shoti: nyaya zimegusana, au koili imeungua ndani. Ikichelewa, kuna koili inayobaki na umeme wakati haifai, mara nyingi ile ya uyoga, kile kizuizi cha mviringo ubaoni kinachorusha gololi, kwa sababu kijiko cha swichi chini yake kimekwama.

Usimalize pesa kwa kununua fyuzi za kujaribia. Nenda kwa wauza vipuri vya malori, chukua balbu ya kiashiria ya volti 24, wati 21. Iunganishe kwa nyaya mbili mahali pa fyuzi ya koili, ukishahakikisha mzunguko huo ni wa volti 24 hadi 30 (Bally nyingi ni 50, hizo zinataka balbu mbili mfululizo). Washa. Ikiwaka kwa nguvu zote huku flipa imetulia, shoti ipo, lakini sasa balbu inaizuia na una muda wa kutafuta. Zima, chomoa plagi moja kati ya zile kubwa zinazounganisha kichwa na sanduku, washa tena. Balbu ikizimika, shoti iko upande uliouchomoa. Endelea hivyo mpaka ubaki na koili chache, kisha ulegeze mguu mmoja wa kila koili kwa chuma cha kulehemu. Ile itakayoizima balbu ndiyo mwenyewe.

Koili ikiwa imeungua kweli, mafundi wa kuzungusha mota hapa Lubumbashi wanaiweza. Kwenye karatasi ya koili za Williams na Bally soma namba: 26-1200 ni waya namba 26 wa Kimarekani, unene wa milimita 0.4, mizunguko 1200. Mpe fundi namba hizo, usimwachie akadirie. Fyuzi utakayorudisha iwe ya ampea zilizoandikwa pale pale, si zaidi.

Nikibonyeza kuanza, mota inazunguka bila kusimama na mchezo hauanzi. (Kijana wa Ruashi)

Mwanangu, mota inasubiri sifuri. Inayapiga magurudumu ya namba, yale yanayoonyesha pointi, hatua kwa hatua, na kila moja likifika 0 linafungua swichi yake. Moja tu lisipofungua, mota haitasimama. Tazama lipi halipo kwenye 0: hilo lina grisi iliyoganda au springi iliyochoka. Lisafishe kwa spiriti, na chuma cha koili ukirudishe kikiwa kikavu. Kama yote yanaonyesha 0, angalia bamba za swichi kwa tochi, moja baada ya nyingine. Mojawapo bado inagusa. Kumbuka pia gurudumu la kuhesabu gololi, nalo lina sifuri yake.

Rafiki anashauri nipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye rele zote. Ni sawa? (Msomaji, Kampemba)

Usikubali. Mafuta yanakusanya vumbi, na cheche za rele zinaweza kuyawasha. Vichwa vya rele ni vya fedha, laini. Weka kadi ngumu ya mwaliko wa harusi kati yake, bana taratibu kwa kidole, vuta. Kadi ikitoka na mstari mweusi, rudia mpaka itoke safi. Ile tupa ya swichi za mikono usiifikishe hapo.

Taa za kioo cha nyuma zinapepesa. Niweke balbu za pikipiki? (Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Balbu zinazofaa ni za volti 6.3: namba 47 inakula ampea 0.15, namba 44 inakula 0.25. Chagua 47, haitaunguza rangi ya kioo. Balbu nyingi za pikipiki zinakula zaidi na zina joto kali, kwa hiyo usiziweke. Na kupepesa mara nyingi si kosa la balbu bali la soketi. Izungushe kidogo, taa ikitulia, kutu imekata njia kati ya soketi na mguu wake. Lehemu kipande kifupi cha waya kuruka sehemu hiyo.