Mzoeze mbwa kushikwa kabla hajaugua

Mbwa wengi mitaani kwetu hushikwa siku ya shida tu: kupe wamejaa masikioni, mwiba umeingia kwenye unyayo, au daktari wa mifugo amefika na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo vijana watatu wanamkandamiza chini, mdomo umefungwa kamba. Chanjo inaingia, lakini mwaka unaofuata akiliona begi la daktari tu anaruka ukuta. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi haya yaanze mbwa akiwa mzima, nyumbani kwake, bila haraka.

Zawadi zangu ni dagaa wasio na chumvi, au maini yaliyochemshwa bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Vipande viwe vidogo kama punje ya maharage. Kisha chagua neno fupi la kumjulisha kwamba amepatia. Langu ni "Safi!" Sema neno, mpe kipande, rudia hadi akilisikia tu ageuke kutafuta mkono wako. Panyabuku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, nao huanza hivyo hivyo: mlio mfupi, kisha chakula.

Kwenye kumshika, zingatia mpangilio. Gusa kwanza, chakula kifuate. Gusa sikio kwa nje, sema "Safi!", ondoa mkono, ndipo umpe. Ukimwonyesha dagaa kwanza halafu ukamkamata sikio, atajua dagaa ni mtego, na ataanza kukukwepa hata ukimletea chakula.

Simba, mbwa koko wangu, hakuwa na shida kuguswa mgongo. Nyayo za mbele ndizo zilizotaka subira. Nilianzia begani, nikashuka hadi kwenye kiwiko, na kila alipovuta mguu nilimwachia. Wako wanaosema kumwachia ni kumfundisha ukaidi. Mimi nimeona kinyume chake: mbwa anayejua mguu wake utaachiwa akiuvuta ndiye anayetulia nao mkononi mwako. Simba sasa ananiacha nimtenganishe vidole kimoja kimoja, nipapase ile ngozi laini ya katikati ambako kupe hupenda kujificha.

Akinguruma, simama hapo hapo, na usimpige. Kunguruma ni onyo. Ukimwadhibu kwa onyo, siku nyingine atauma kimya kimya.

Akishakuamini, mfundishe kunusa. Panga maboksi matupu, weka dagaa ndani ya moja, kaa kando. Usimwelekeze kwa kidole. Akizamisha pua penyewe, sema "Safi!" na umpe zawadi pale pale kwenye boksi. Ukimpa ukiwa umesimama mbali, atazoea kukutazama wewe badala ya kutafuta.

Baadaye tumia karafuu. Marekani, karafuu ni mojawapo ya harufu rasmi za mashindano ya mbwa wa kunusa, nasi tunazo jikoni kutoka Pemba na Unguja. Tia punje chache kwenye kopo dogo lenye matundu, ulifunge imara asizile. Mafuta ya karafuu usimpake wala asiyalambe, yatamdhuru. Mwanzoni kopo likae pamoja na dagaa, halafu peke yake, na chakula kitoke kwako mara tu anapolipata.

Mtazame anapokaribia. Mdomo unafungwa, mnuso unakuwa mfupi wa harakaharaka, mkia unabadilika, na pengine analipita kopo kisha kichwa kinageuka ghafla kuufuata upepo. Usiseme neno. Mwache amalize mwenyewe.

Fanyeni dakika chache tu, wakati wa ubaridi wa asubuhi au jioni. Mbwa anayehema mdomo wazi hanusi vizuri. Ukiona ameanza kuhema, mpe maji, mfichie kopo mahali rahisi alipate, kisha mpumzishe hadi kesho.