Kabla hujamsahihisha marehemu

Juzi mwanafunzi wangu kachonga lino, kile kibao laini cha kuchapia, ya Marsha P. Johnson, mwanaharakati wa transjenda wa Marekani, kwa ajili ya Novemba 20, siku ya kuwakumbuka transjenda waliouawa. Sura safi, maua ya kichwani yamekaa kama ya harusini. Nikamuuliza, P iko wapi? "Mzee, nafasi haikutosha." Nusura nimeze patasi. Basi nawaandikia nyote mnaoanza kazi hapa Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, Kampala.

1. Maandishi ya lino huchongwa kinyume. Mnajua, na bado kila mwezi natupa lino moja. Wekeni kioo mezani.

2. Ile P si pambo. Marsha alipoulizwa ni mwanamume au mwanamke, alisema P maana yake ni "usijali hayo". Jina lote alilichagua mwenyewe. Mwaka 1975 Andy Warhol, msanii ambaye nyote mnamwabudu kwa picha zake za kuchapwa kwa skrini, alimweka kwenye mfululizo wa picha wa Ladies and Gentlemen. Picha zikatoka bila majina ya wenye sura. Mwaka 1992 mwili wa Marsha uliopolewa mto Hudson, New York. Wewe umeona cha kupunguza ni jina, maua umeyaacha yote.

3. Namgombeza, lakini mimi nimefanya baya zaidi. Miaka ya nyuma alikuja mama mmoja mtu mzima, ssenga wa marehemu. Waliokulia Buganda wanajua: shangazi huyo ndiye humfunda binti. Alitaka mabango 40 ya kumbukumbu. Maneno kayaandika kwa mkono, picha tuitoe kwenye kitambulisho. Alikuwa ameandika "Bi." na jina. Kitambulisho kikasema mwanamume, jina jingine. Nikajiambia, uzee huo, na msiba, nimsaidie. Nikaweka "Bw." na jina la kitambulisho, nikachoma skrini ya kuchapia, nikavuta 40 usiku ule bila kumpigia simu.

Kiswahili kilikuwa kimeniponya kote kwingine. "Alizaliwa", "alitetea wenzake", "tunamlilia": hakuna panapouliza jinsia. Nilikwenda kuyatafuta matata mwenyewe.

Asubuhi ssenga akavaa miwani, akasoma, akaikunja karatasi taratibu. "Mwanangu, huyu uliyemchapa simjui. Mimi nimekuja kumzika binti yangu." Hakupaza sauti. Angenitukana ningepona mapema. Nikachukua wembe nikajaribu kukwangua ile w. Karatasi ikatoka manyoya. Nikachoma skrini nyingine, karatasi nzito mpya nikanunua kwa pesa yangu, na ssenga akakaa kwenye kigoda akinihesabia kila bango hadi la 40. Kila moja alilisoma kwa sauti. Bi. fulani. Bi. fulani.

4. Kwa hiyo pruf, ile nakala ya kwanza ya majaribio, asome mwenye msiba, si wewe.

5. Tangu sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga, kazi hizi hazikai dirishani wala kwenye simu yako. Faili ifutwe mzigo ukitoka. Zilizoharibika chomeni, karatasi ya mtaa huu kesho imefungia karanga, na sura ya mtu iko juu.

6. Wino ukikauka kwenye skrini usiulaumu wino. Ulikuwa kwenye TikTok.

Na wewe wa juzi: punguza maua mawili upande wa kushoto, P itaingia. Lino mpya iko kabatini. Ya zamani nimeikata kwenye posho yako.