Viatu vya kukimbilia Cape Point

Ndugu, umeuliza kama viatu vya lami vitatosha kukimbilia Cape Point, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba. Havitoshi. Kule ni mawe makali, mara mchanga unaozamisha mguu hadi kifundoni. Tafuta soli yenye meno. Ila mimi ningeuhofia zaidi upepo. Kiangazi chao upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, kofia inang'oka kichwani. Anzia ufukwe wa Olifantsbos ukielekea kusini, kwenye mabaki ya meli Thomas T. Tucker iliyokwama 1942: unaukabili upepo wakati wewe bado una nguvu, unarudi ukisukumwa mgongoni. Pwani nzuri mno ile! Kivuli hakuna, beba maji. Na chakula usikishike mkononi, nyani watakupokonya.