Kisarafu cha mbwa na watoto wawili, nikiloweke kwenye ndimu?

Swali: Habari mtaalamu, nimenunua kisarafu cha Kirumi, cha kijani kijani, upande mmoja kuna mtu kavaa helmeti, upande wa pili mbwa ananyonyesha watoto wawili na chini kumeandikwa TRS. Mwaka sijauona popote. Kuna mtu kaniambia nikiloweke kwenye ndimu kitang'aa, ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, ndimu weka pembeni kabisa, siki pia, na stilwaya usiisogeze hata karibu. Hiyo kijani unayoiona ndo ngozi ya sarafu, shaba ikikaa ardhini miaka 1,700 inajifunika hivyo na ile michoro yote imebaki ndani ya hilo tabaka, asidi ikilila unabaki na kipande chekundu hakina sura.

Huyo sio mbwa wa kawaida, ni mbwa mwitu jike aliyewanyonyesha Romulus na Remus, mapacha ambao Warumi wanasimulia ndo chanzo cha mji wao. Angalia sarafu yako, juu ya mgongo wake, kuna nyota mbili. Na mwenye helmeti sio mfalme, ni Roma mwenyewe, mji uliochorwa kama mwanamke, ndo maana pembeni inasomeka VRBS ROMA, yaani Mji wa Roma. Mwaka hawakuwa wanaandika, ila hizi zilianza mwaka 330, mfalme Konstantino alipozindua mji mkuu mpya, Constantinople, leo Istanbul, na mji mpya nao ukatolewa sarafu yake pacha. Mi naipenda sana hii, mji wa zamani haukusahaulika. Kwenye TRS, TR ni Treveri, mji ilikotengenezwa, leo Trier kule Ujerumani, na S ni secunda, karakana ya pili.

Kusafisha tumia maji ya betri, yale ya kuongezea (distilled water), sio asidi jamani, badilisha kila baada ya siku mbili tatu, inaweza kuchukua wiki kadhaa, udongo ukilainika utoe taratibu kwa kijiti cha meno. Ukiona madoa ya kijani mpauko yanayotoka unga, hiyo ni chumvi inakula shaba, itenge na nyingine na uihifadhi pakavu na vile vipakti vya silika vya kwenye boksi la viatu.

Halafu ipime uzito unitumie. Ikiwa gramu 2 na nusu hivi ni ya miaka ya mwanzo, ikiwa 1 na nusu ni ya baada ya 335, walipozipunguza.