Kabla hujaomba laini mpya ya umeme, nenda kituoni

Mdogo wangu mmoja aliyemaliza uhandisi Dar amepata kazi ya kupanga laini kubwa za umeme kwenye shirika la umma huku Marekani. Akaniuliza aanze na nini. Nilimjibu kwa ujumbe mrefu wa sauti, na kwa kuwa si wa kwanza kuuliza, nauandika hapa.

Mimi niko jimbo la Washington, kwenye shirika linalomilikiwa na wananchi wa eneo letu. Haya ya kwetu yanaitwa PUD, na makamishna wake hupigiwa kura kama madiwani. Ukitoka nyumbani, ulikozoea TANESCO moja, utashangaa: Marekani ina mashirika ya umeme ya umma yapatayo 2,000, mengi yao madogo.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nafanya hesabu ya kila siku ya kazi hii: unazima laini moja kwenye kompyuta, unatazama zilizobaki kama zinahimili. Laini moja ya kilovoti 115 ikaonekana itazidiwa miaka mitano mbele, asubuhi ya baridi kali, watu wamewasha hita zote. Kikomo chake kwenye modeli kilikuwa ampea 600. Nikaandika ripoti yenye ramani za rangi, nikapendekeza waya ubadilishwe maili 9 zote.

Bosi akaisoma, akauliza swali moja tu: "Hiyo laini umeshaiona?"

Sikuwa nimeiona. Nikaenda na fundi mkuu, mzee aliyezeekea kwenye nguzo. Tukasimama juu ya kokoto za kituo cha kupozea umeme, manyunyu yasiyoisha ya huku yakitulowesha, akanyoosha kidole kwenye swichi ya kutenganishia laini. Chuma kimepauka, kibao chake kinasomeka 600. Waya uliotoka hapo ungeweza kubeba karibu mara mbili. "Waya wako hauna tatizo, kijana," akasema. Tukabadilisha swichi za ncha zote mbili. Ile bei ya maili 9 naona haya kuitaja mpaka leo.

Kwa hiyo kila ukiona laini inazidiwa, uliza kwanza ni kifaa gani kinachoibana: waya, swichi, transfoma ya kupimia, au kipande cha waya wa kuungia. Uliza pia kikomo hicho cha ampea ni cha msimu gani. Waya ukipata joto hulegea na kushuka, kwa hiyo kiangazi hubeba kidogo kuliko baridi. Juni 2021 Seattle ilifika nyuzi 42, na tangu hapo sikubali kuangalia kilele cha matumizi ya wakati wa baridi peke yake.

Halafu kuna sheria ya shirikisho, na hapa nami niliteleza. Sheria ya Umeme ya Shirikisho ya mwaka 1935 inapotaja shirika la huduma za umma, kwa sehemu kubwa inamaanisha kampuni za watu binafsi. Zinazomilikiwa na miji na majimbo imeziweka kando. (Wanasheria hao!) Nikajua FERC, msimamizi wa shirikisho, hatuhusu. Kumbe hatuhusu kwenye bei zetu tu. Agosti 14, 2003, laini za Ohio zililegea zikagusa miti, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Mwaka 2005 Bunge likaipa FERC mamlaka juu ya uimara wa gridi, awe mmiliki nani. Kuanzia Juni 2007 viwango vya NERC, chombo kinachoandika viwango vya uimara wa gridi, ni lazima, na faini zipo.

Kiwango utakacholala nacho ni kile cha upangaji wa laini, kinaitwa TPL-001. Kila mwaka unapima mfumo wako kwa miaka 10 ijayo, na unaposhindwa mtihani unaandika utafanya nini na lini. Ushauri wangu: andika siku ileile kwa nini ulichagua hali fulani ya kupima. Mkaguzi atakuja baada ya miaka, wewe umeshasahau.

Na zungumza na majirani mapema. Kwetu laini nyingi kubwa ni za BPA, wakala wa shirikisho tangu 1937, na umeme haujui mpaka wa mtu. Kuna mikutano ya NorthernGrid, umoja wa wapangaji wa laini wa kanda yetu, nenda, lakini simu moja kwa mpangaji mwenzako imeniokoa mara nyingi kuliko mikutano hiyo.

Tulipopeleka habari ya swichi kwa makamishna, mama mmoja mteja akasimama nyuma ya ukumbi. Akauliza, swichi nyingine za namna hiyo ziko ngapi? Sikuwa na jibu. Wiki mbili zilizofuata nilizunguka vituo vyote na yule mzee, yeye anasoma vibao kwa darubini, mimi naandika kwenye daftari lililolowa.