Kuelewa hali ya nafsi iliyo nyuma ya dawa ya homeopathi: niliyoyaona nikiwa mkalimani Bombo

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unajifunza homeopathi, tiba inayochagua dawa, iliyopunguzwa makali sana, kwa kulinganisha dalili za mwili na za nafsi za mgonjwa na zile zilizoandikwa chini ya kila dawa; na kwamba umekariri dalili za nafsi za dawa tatu, Ignatia, Natrum muriaticum na Pulsatilla, lakini kila unapokutana na mtu mwenye huzuni unaona zote tatu zinamfaa. Mimi si tabibu wa homeopathi. Nilikuwa mkalimani kwa miaka mitatu katika kliniki ndogo ya tiba hiyo hapa Bombo, Uganda, nikimfasiria maneno ya Kiswahili, Kinubi na Kiganda tabibu aliyejua Kiingereza tu. Shida yako niliishuhudia karibu kila juma, na mara nyingine chanzo chake nilikuwa mimi mwenyewe.

Mama mmoja alisema, "Moyo wangu haukai mahali pamoja." Nikamfasiria neno kwa neno, naye tabibu akafungua kitabu cha dalili kwenye sura ya moyo, akaanza kutafuta mapigo yaendayo mbio. Ilinibidi nimkatize. Mama yule hakuwa akilalamikia mapigo; alikuwa akisema kwamba tangu binti yake aende Uarabuni kufanya kazi za ndani hajui atulie wapi, kwani akikaa jikoni anatamani kuwa barabarani, na akifika barabarani anarudi mbio kutazama kama simu imeita. Hali yake ilikuwa katika kule kutoka na kurudi. Neno "moyo" lilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Ndiyo maana nasema orodha haitakusaidia. Huzuni, hofu na hasira ni za kila mwanadamu, na katika vitabu hivyo utazikuta chini ya dawa kwa makumi. Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyeanzisha tiba hii, aliagiza katika aya ya 153 ya kitabu chake, Organon, kwamba zitafutwe zaidi dalili zilizo ngeni, za pekee na zisizo za kawaida. Katika aya ya 213 anatoa mifano kwa njia ya kukanusha, nami naona mifano hiyo inafundisha kuliko orodha yoyote: dawa iitwayo akoniti haitamponya kwa urahisi mgonjwa aliye mtulivu, wala ile ya Nux vomica haitamfaa aliye mpole na mzito wa kuchukizwa, wala Pulsatilla aliye mchangamfu na mkaidi, wala Ignatia asiyetikisika, asiyeshtuka wala kuudhika. Kwa hiyo, kwa kila dawa, jiulize pia ni mtu wa namna gani ambaye haiwezi kuwa yake.

Lakini kisicho cha kawaida ni kisicho cha kawaida wapi? Hapo ndipo vitabu vilivyoandikwa Ujerumani na Marekani vinapotuacha njiani. Vinasema kwamba mtu wa Natrum muriaticum, yaani anayefaa kupewa dawa hiyo inayotengenezwa kwa chumvi hii hii tunayopikia, hapendi kufarijiwa na hulia akiwa peke yake. Kwetu matanga hukaliwa na watu wengi, na mfiwa anayesema "tumshukuru Mungu" bila chozi anafuata adabu aliyolelewa nayo, kwa hiyo ukimya wake haukuambii lolote. Nilianza kuona tofauti kwa mjane mmoja ambaye, kila wageni walipomkaribia kumpa pole, aliinuka kwenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Dada yake ndiye aliyetueleza kwamba miaka minne baada ya msiba alikuwa bado hivyo, na kwamba zamani ndiye aliyekuwa akichekesha nyumba nzima. Bila dada yule tungeandika "mtulivu" na kumpita.

Dalili za nafsi zinashikamana unapouliza ni hali gani ya maisha ambayo ndani yake zote zingekuwa na maana. Mtu wa Natrum ni kama aliyeumizwa na aliyempenda, akaazimia kwamba hatampa mwingine nafasi ya kumgusa pale pale; ukilishika hilo, kulia kwa siri, kuchukia pole na kurudia rudia machungu ya kale havihitaji kukaririwa. Wa Ignatia bado anabishana na habari aliyopewa: anavuta pumzi ndefu, anacheka katikati ya kilio, na kooni anahisi donge. Wa Pulsatilla analia huku akikusimulia, na ukimshika mkono anapata nafuu mbele ya macho yako. Tatizo la hawa watatu ni moja, kufiwa au kuachwa. Kinachowatenganisha ni wanachofanya mtu mwingine anapowasogelea, na hilo unalitazama kwa macho kabla hawajasema neno.

Nisikufiche upande wa pili. Dawa ya kiwango kiitwacho 30C imepunguzwa makali kwa kuchanganywa na maji au pombe, moja kwa mia, mara thelathini, na kuanzia karibu mara ya kumi na mbili hakuna uhakika wa kubaki hata molekuli moja ya kitu cha asili. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya na tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo, likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao una ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathi inautibu. Mimi nimebaki nikithamini usikilizaji ule kuliko vidonge vyenyewe.

Sababu yangu ni kijana wa bodaboda aliyeletwa jioni moja akitetemeka, akishika mikono ya kila mtu na kusema kwamba usiku huo hafiki asubuhi. Hofu ya ghafla ya kufa, kutotulia, homa iliyopanda kwa kasi: ilikuwa picha ya akoniti kama ilivyochapwa vitabuni. Nilimwomba tabibu asubiri, nikampeleka kijana kituo cha afya, akachomwa kidole, na kipimo kikaonyesha malaria. Siku tatu za dawa mseto zilipokwisha, hofu ilikuwa imeondoka pamoja na homa, naye akawa anacheka alipoambiwa aliyoyasema. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi tulikaa tukiisoma nafsi ya mtu mahali palipokuwa na vimelea tu.