Nafasi ya Umeme Hupangwa Kabla ya Lipu

Mwenye nyumba anayejenga huku kwetu Tanzania kwa kawaida huanza kuufikiria umeme siku fundi anapomletea orodha ya vifaa vya kununua. Nilivyoona nikisimamia ujenzi wa nyumba yangu Kibaha, na baadaye za ndugu zangu, siku hiyo mambo mengi mazito huwa yamekwisha kuamuliwa pasipo kujadiliwa: ukuta utakaobeba meni swichi, mahali pa jiko, na upande wa bafu utakaofungwa shawa. Kuchagua unene wa waya ni kazi ya fundi, lakini nafasi inayozunguka vifaa ni uamuzi wa mwenye nyumba. Uamuzi huo haugharimu chochote kabla ya lipu, na ni ghali mno baada ya vigae.

Kwa utaratibu, maombi ya kuunganishiwa umeme na TANESCO huambatana na mchoro wa wiring uliothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mafundi wetu wengi wamefundishwa kwa misingi ya kanuni za Uingereza zijulikanazo kama BS 7671, na soketi zetu za matundu matatu ya mstatili zimetoka huko huko. Tatizo ni kwamba baadhi ya wanaogonga muhuri hawafiki kabisa kwenye nyumba. Nashauri usilipie muhuri peke yake: patana na mkandarasi kwamba atafika mara mbili, mara ya kwanza mabomba ya kupitishia nyaya yakiwa bado wazi ukutani, na mara ya pili kazi ikiwa imekamilika.

Nianze na meni swichi na boksi la sakiti breka, yaani swichi zinazojikata zenyewe mkondo wa umeme ukizidi. Kanuni za Uingereza zinataka vifaa hivi vifikike, vikaguliwe na vibadilishwe bila taabu, ila hazitaji kipimo kimoja cha nafasi ya mbele. Kanuni za Marekani zinakitaja, nami nimekiazima kwa kuwa ni rahisi kukipima kwa futi kamba: mbele ya boksi la nyumba ya kawaida pabaki wazi futi 3, yaani takriban sentimita 91, kwa upana wa inchi 30, na eneo hilo lisigeuzwe mahali pa kuhifadhia vitu. Kanuni hizo hizo zinakataza kuweka sakiti breka bafuni au ndani ya kabati la nguo. Katika nyumba moja niliyowahi kupanga, boksi lilikuwa nyuma ya kabati la chumbani, na ili kuzima umeme ilibidi watu wawili walisukume kwanza. Katika nyumba zetu hatari kubwa zaidi ni stoo, ambayo mwanzoni huonekana tupu na yenye kufaa, lakini mavuno ya kwanza yakifika magunia ya mahindi hupangwa hadi darini. Mimi huchagua ukuta wa korido, kwenye kimo ambacho mtu mzima anafikia bila kupanda kiti.

Bafuni hesabu hubadilika, kwa sababu ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. BS 7671 huligawa bafu katika kanda: ndani ya beseni, kisha eneo la kuogea hadi kimo cha mita 2.25 kutoka sakafuni, kisha sentimita 60 nyingine pembeni. Soketi ya kawaida ilitakiwa kuwa mita 3 kutoka ukingo wa eneo la kuogea, na marekebisho ya mwaka 2022 yakaufanya umbali huo kuwa mita 2.5. Bafu nyingi tunazojenga hazifiki hata urefu huo, hivyo jibu lake ni fupi: usiweke soketi bafuni, hata kwa ajili ya mashine ya kufulia. Swichi ya taa ikae nje ya mlango. Hita ya shawa inayochemsha maji papo hapo, yenye wati 5,400, huvuta zaidi ya ampea 23 kwenye volti 230. Inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, waya wa milimita 4 au 6 za mraba kulingana na umbali, na swichi ya kuizima iliyo nje ya bafu. Kuiunganisha kwenye laini ya soketi ya chumba cha jirani, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwa haraka sana, ni kuuchosha waya wa milimita 2.5 kila asubuhi hadi ganda lake liungue.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni waya wa ardhi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Fundi hupigilia fimbo ya shaba chini, hufunga waya, hufunika kwa udongo, na mambo yakaishia hapo bila mtu kupima kitu. Tuchukulie kwamba fimbo hiyo ina ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme usipite, wa omu 20, ambao si mbaya hata kidogo. Waya wenye umeme ukigusa bodi la friji, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka kwa mkondo huo, na friji itaendelea kusimama jikoni ikiwa na umeme mwilini. Ndiyo maana fimbo peke yake haitoshi, na boksi linahitaji kifaa kinachoitwa RCD, ambacho hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi na kukata umeme tofauti inapozidi kiwango chake. Kwa soketi na bafu, kiwango hicho kiwe miliampea 30, na kimeandikwa usoni mwa kifaa. Kisome mwenyewe dukani, maana vipo pia vya miliampea 100 na 300 vinavyofanana navyo kabisa. RCD hainyimi fimbo umuhimu wake. Ukinzani ukizidi omu 200 kanuni zinauhesabu kuwa si wa kutegemewa, na mchanga wa maeneo yetu ya pwani hukauka sana wakati wa kiangazi, kwa hiyo fimbo ipigiliwe ndani kabisa, mahali penye unyevu, na kiungo chake kiwe na kifuniko kinachofunguka.

Kuhusu nyaya ukutani, zikae wima au mlalo kutoka kwenye soketi na swichi, zisikatishe kimshazari, ili anayepigilia msumari wa picha aweze kukisia zilipo. Piga picha kuta zote kabla ya lipu. Usiruhusu rangi za zamani na mpya zichanganywe katika nyumba moja, hasa yenye fezi tatu (fezi ni waya unaoleta umeme, nyutro ni wa kuurudisha): zamani nyeusi ilikuwa nyutro na bluu ilikuwa fezi, lakini sasa bluu ndiyo nyutro na nyeusi ni fezi. Jikoni, soketi ikae pembeni ya sinki kwa sentimita 30 au zaidi, na mtungi wa gesi usiwekwe karibu na soketi iliyo chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni, pale pale ambapo cheche ya plagi hutokea.

Bakiza sehemu ya malipo ya fundi hadi vipimo vifanyike mbele yako. Kipimo cha ganda la nyaya hufanywa kwa mashine ambayo mafundi huiita mega, kwa volti 500, na jibu lisipungue megaomu 1 kwa kila laini. Kisha kipimwe kila swichi kama inakata fezi badala ya nyutro, kwa maana taa itazimika katika hali zote mbili na macho hayataona tofauti, lakini anayebadilisha balbu ataiona. Vipimo viandikwe na kusainiwa. Mwisho, bonyeza kitufe cha kujaribia RCD umeme ukiwa umewaka, na urudie kila baada ya miezi sita. Isipokata, muite fundi aibadilishe siku hiyo hiyo.